Isale Ndani ya Dakota

Ndege ile ilipita juu ya Kibosho asubuhi moja ya Julai, mwaka ule wa mvua kubwa zilizobeba madaraja. Priska alikuwa mgombani akikata majani ya ng'ombe. Haikulia kama ndege za watalii, zile zinazopita juu sana kama mtu asiyetaka kusalimiana. Hii ilipita chini, na mashine zake mbili ziliguruma kwa kupokezana, kama wanaume wawili wanaosimulia kisa kimoja. Priska akainua macho. Kati ya majani ya migomba akaona tumbo pana la bati na mabawa yenye rangi iliyofifia. Mundu ukabaki hewani mkononi mwake.

"Priska!" Flavia, jirani yake, aliita kutoka ng'ambo ya mpaka. "Umeliona hilo dude? Limetoka kaburini au?"

"Nimeliona."

"Mimi nimejua linatua kwenye migomba yangu. Nikasema hewala, nitawapikia mtori, watafanyaje na wao ni wageni?"

Priska alicheka, akaendelea na majani yake. Hakujua bado kwamba alikuwa ameona kitu alichokisubiri tangu akiwa mke kijana.

Jioni mjukuu wake Evelyn akapanda kutoka Moshi na habari kamili. Evelyn alifanya kazi ya kupika na kutandika vitanda katika nyumba moja ya wageni mjini, na wenye ndege walikuwa wamefikia hapo hapo.

"Wazungu wazee, bibi. Wamestaafu, wanapenda ndege za zamani kama wewe unavyopenda huyo ng'ombe wako. Wametoka nayo Misri, wanaipeleka Afrika Kusini. Fundi wao ni Mkenya, anaitwa Yoramu, mcheshi huyo! Anasema ilibeba askari kwenye vita vya Hitla. Jumamosi watawarusha watu kidogo, waone mlima, halafu Jumapili waondoke."

"Inaitwaje hiyo ndege?"

"Dakota."

Priska akaketi kwenye kigoda. Evelyn akadhani bibi amechoka, akamletea maziwa. Lakini Priska alikuwa amelisikia neno lile mara moja tu maishani, na hakuwahi kulisahau.

Aliyelileta alikuwa Efraimu, mtu wa Machame, aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, pamoja na Basili, mume wa Priska. Basili alichukuliwa kwenda vitani Priska akiwa na mimba. Vita vilipokwisha wenzake walirudi wakiwa wamevaa makoti makubwa, na Basili hakuwemo. Efraimu, ambaye hata hakuwa wa ukoo wao, alitembea kutoka Machame hadi Kibosho, akavua kofia, akawaambia wenye nyumba alichokiona kwa macho yake. Kwamba kule Burma Basili alipigwa risasi ya paja. Kwamba alibebwa kwenye machela, akapakiwa kwenye ndege inayoitwa Dakota, chini kabisa, karibu na mlango. Kwamba mlango ulipokuwa unafungwa aliinua mkono akasema, "Efraimu, wasalimu nyumbani, waambie nakuja." Ndege ikapaa, ikaingia kwenye mawingu juu ya vilima vya huko, na haikutokea upande wa pili. Waliitafuta. Hawakuipata.

Priska alimpa Efraimu mbege, pombe ya ndizi, na ndizi za kuchoma, kwa sababu mtu aliyetembea mbali kuleta habari mbaya naye anahitaji kula. Kisha akaingia ndani akamnyonyesha Remigius, mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa safarini.

Padre aliwaombea misa. Lakini nyuma ya nyumba, chini ya migomba ambako wazee wa nyumba ile wamelala, kila mmoja na isale lake kichwani, nafasi ya Basili ilibaki tupu. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachagga huotesha mipakani na makaburini, na jani lake mtu akikuletea limefungwa fundo, anakuomba msamaha, nawe huwezi kulikataa. Mama mkwe wake Priska alikuwa akipita pale kila jioni akiangalia ile nafasi.

"Mtu aliyepotea hajui kwamba watu wamemaliza kumlilia," alimwambia Priska siku moja. "Lazima mmoja wa nyumbani aende mahali alipopotelea, na isale la nyumba hii mkononi, amwite kwa jina, amwambie twende. Ndivyo babu zangu mimi walivyomrudisha mtu aliyeliwa na mto. Na ukishamwita, usiongee na mtu mpaka umemfikisha. Usipokee kitu, usitoe kitu, usisalimie. Aliyepotea muda mrefu ana aibu kama mgeni. Akikusikia unaongea na mwingine, atadhani umepata wa kufuatana naye, na atarudi alikotoka."

"Lakini mama," Priska alisema, "Basili amepotelea hewani."

Yule mama aliitazama tena ile nafasi tupu. "Ndiyo," alisema. "Hapo ndipo niliposhindwa."

Alikufa bila kupata jibu. Na Priska alizeeka akijua jambo lile ni la kwake, na kwamba hana njia ya kulifanya, kwa sababu nani angempandisha mjane wa Kibosho mawinguni?

Sasa Evelyn alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha maziwa, akizungumza habari za Dakota.

"Mama yangu," Priska alisema, kwa maana ndivyo alivyomwita mjukuu huyu aliyemlea tangu mama yake alipofariki, "waombe wanipandishe."

Evelyn aliangua kicheko, kisha akaona uso wa bibi, akaweka kikombe chini.

"Kwa ajili ya babu?"

"Kwa ajili ya babu yako."

Hakusema zaidi. Evelyn alikuwa mwanakwaya, msichana wa siku hizi. Priska alihofia angecheka, au angemwambia padre. Basi akafunga mdomo kuhusu isale na kuhusu kuita. Aliona si kitu kikubwa. Angelifanya kimya kimya, na akishamaliza angemsimulia.

Yoramu, yule fundi, aliposikia habari za Basili alikwenda mwenyewe kwa rubani, na rubani, mzee mwenye nyusi nyeupe, alisema mama huyo atapanda wa kwanza, na atakaa mahali anapotaka yeye.

Siku mbili zile Priska hakulala vizuri, na si kwa ajili ya Basili peke yake. Alikuwa akimfikiria pia Remigius, baba yake Evelyn.

Ilikuwa imepita miaka kadhaa tangu alipomfukuza. Basili kabla ya kwenda vitani alipanda mibuni kuzunguka nyumba, kwa mikono yake, na Priska akaitunza mibuni ile kama watu wanavyotunza picha ya marehemu. Alipalilia, akapogoa, akafukuza wadudu. Alimsomesha Remigius kwa kahawa ile. Kisha kahawa ikashuka bei hadi watu wakaona uzito hata kuipeleka kwenye chama cha ushirika. Remigius, ambaye alikuwa dereva wa malori lakini kwa wakati ule hakuwa na kazi, alitaka kupanda nyanya. Priska alikataa. Wiki moja Priska alipokwenda kumuuguza dada yake, Remigius akaing'oa mibuni yote. Priska aliporudi alikuta mizizi imeelekea juu.

Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, taratibu. "Mtoto wa Basili asingeng'oa mkono wa Basili. Nenda ukatafute baba mwingine."

Remigius, mtu mzima mwenye mvi, ambaye hakuwahi kumwona baba yake hata siku moja, alichukua begi lake akashuka mjini. Alipanga chumba Majengo. Akapata kazi ya lori tena, safari za Zambia na Kongo. Hakupanda tena Kibosho, na Priska hakushuka Majengo. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Yeye ndiye aliyeng'oa, Priska alijiambia. Alete isale, nami nitalipokea siku hiyo hiyo. Lakini lile neno la baba mwingine lilimrudia mara kwa mara, akiwa anakamua, akiwa anasali, na kila liliporudi lilikuwa baya zaidi.

Jumamosi Flavia alikuja mapema na kitenge chake kipya.

"Vaa hiki. Huwezi kwenda mbinguni na hilo rinda la shamba. Na ukifika huko muulizie mume wangu, kama bado anakunywa umwambie nimeuza viti vyake."

"Siendi mbinguni, Flavia. Naenda kuzunguka mlima tu."

"Wewe uliza." Kisha Flavia, aliyejua mambo mengi bila kuambiwa, akatazama chipukizi la isale ambalo Priska alikuwa amelichimba kando ya kaburi la mama mkwe wake na kulifunga kwa gome la mgomba. Akamrekebishia kitenge mabegani, akampigapiga mgongoni.

Ronald, mtoto wa Flavia, aliwashusha Priska na Evelyn kwa pikapu hadi uwanja mdogo wa ndege, upande wa Soweto. Watu walikuwa wamejaa uzioni. Mlinzi wa geti aliona Priska anavyotembea, akamtolea kiti chake mwenyewe. Na pale kwenye majani ndege ilikuwa imekaa, pua juu, mkia chini, kama ng'ombe anayetaka kuinuka.

"Shosho!" Fundi Yoramu alimjia mbio, akimwita bibi kwa Kikenya chake, mikono imejaa grisi, akampa kifundo cha mkono badala ya kiganja. "Shikamoo. Umeogopa?"

"Marahaba. Mimi si shosho, mimi ni Priska. Na siogopi."

"Basi mimi ndiye ninayeogopa. Haya, shika bega langu."

Ngazi ilikuwa fupi. Ndani, sakafu ilipanda kuelekea mbele, hivi kwamba mtu alitembea ndani ya ndege kama anapanda njia ya Kibosho. Palinukia mafuta na chuma cha zamani. Viti vilikuwa mabenchi ya bati ubavuni, watu wanatazamana.

"Ndiyo hii hasa?" Priska aliuliza. "Aliyopanda mume wangu?"

Yoramu angeweza kusema ndiyo ili kumfurahisha. "Hapana, mama. Ile haikurudi. Lakini hii ni ndugu yake, walizaliwa kiwanda kimoja."

"Wagonjwa walilazwa wapi?"

Akamwonyesha kulabu ukutani, zilizochakaa, ambazo machela zilining'inizwa, moja juu ya nyingine. Priska akaigusa ile ya chini kabisa, karibu na mlango. Ilikuwa baridi. Akaketi hapo. Yoramu akapiga magoti kumfunga mkanda, akampa pamba ya masikioni, na alipoona isale mapajani hakumwambia aliweke chini.

Mashine zikawaka moja baada ya nyingine, na ndege yote ikatetemeka hadi Priska akasikia meno yake. Ikakimbia. Mkia ukainuka, sakafu ikawa sawa, kisha kule kugongagonga kwa magurudumu kukakoma ghafla, na Moshi ukaanza kushuka chini yake, paa za Majengo, minara ya misikiti, reli. Mwalimu mmoja aliyekaa mbele yake alifumba macho. Priska hakufumba.

Walipanda kuelekea mlimani. Akaona Kibosho. Akaona kanisa, dogo kama kijumba cha kuku, na mifereji ya maji inang'aa kati ya migomba. Akatafuta kihamba chake, shamba lile la nyumbani, na alipokipata akaona lile pengo, kipande cha udongo uliobaki wazi pale mibuni ilipokuwa. Moyo ukamuuma kama siku ile. Lakini ndege ikazidi kuinuka, na akaona pengo jingine kwa akina Flavia. Na jingine. Na jingine tena, mteremko mzima, mapengo kwenye vihamba vya watu aliowajua, watu wa kanisa, watu wenye heshima zao. Kote kahawa ilikuwa imeng'olewa. Akiwa chini, amezungukwa na migomba yake, alikuwa ameona pengo moja tu na mtu mmoja mwenye kosa. Kumbe mwanawe alikuwa amefanya walichofanya wote, ila wengine hawakuambiwa watafute baba mwingine.

"Remi wangu," alisema, na hakuna aliyesikia kwa ngurumo. "Basi, Remi. Yamekwisha."

Akajisikia mwepesi. Aliamua kwamba kesho, baada ya misa, atashuka Majengo kwa miguu yake. Hatangoja isale. Atagonga mlango.

Kisha dirisha likawa jeupe. Rubani alikuwa ameisogeza ndege hadi kwenye ukingo wa mawingu, na Yoramu akamgeukia Priska akampungia mkono, kwamba ni hapa. Mawingu yalipita nje kama moshi wa jikoni. Ndege ikayumba. Priska akatoa pamba masikioni, akashika isale kwa mikono miwili, akageuza uso kuelekea mlango.

"Basili," aliita. Sauti yake ilitoka ndogo. Akaita tena kwa nguvu zote. "Basili! Ni mimi Priska. Umekawia, baba. Mama yako amekungoja hadi amelala. Njoo twende nyumbani."

Mwalimu alifumbua macho, akamtazama, akainamisha kichwa kwa heshima. Priska akafunga mdomo wake. Hakuna kitu kilichotokea, ila mikono yake, iliyokuwa baridi tangu walipoacha ardhi, ilipata joto. Akakumbatia isale. Tangu hapo hakuwa peke yake.

Waliposhuka, Yoramu alimpa mkono kwenye ngazi. Hakuupokea, alishika chuma. Rubani mwenye nyusi nyeupe alisimama akavua kofia yake, kama Efraimu alivyovua. Priska akamwinamia kidogo, akapita. Mwendo ulikuwa mfupi tu, hadi getini, hadi kwenye pikapu, hadi nyumbani.

Na getini alikuwa amesimama Remigius.

Alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mikononi mwake, mikono yote miwili, palikuwa na jani la isale lililofungwa fundo.

"Shikamoo, mama."

Watu wakasogea. Priska alisimama. Midomo yake ikafunguka.

"Mama, nimekosa," Remigius alisema. Akapiga magoti mavumbini, mtu wa umri ule, mbele ya watu. "Ile kahawa. Sina maneno mengi. Nimekuletea hili. Leo nasafiri, nisingependa kuondoka hivi."

Jani lake lilikuwa limeelekea chipukizi la Priska, karibu kugusana. Priska aliona fundo lilivyofungwa vibaya. Hakuwahi kumfundisha kulifunga. Alitaka kulichukua. Alitaka kusema marahaba, neno fupi, lisilochukua hata pumzi nzima. Lakini nyuma ya bega lake alimsikia Basili, au alidhani anamsikia, mwenye aibu, anayengoja kuona kama kweli amekuja kuitwa yeye. Huyu amekaa mawinguni miaka yote hii, aliwaza. Akigeuka sasa, sitapata Dakota nyingine. Remi yupo Majengo. Akirudi safari nitakuwa mlangoni kwake. Remi anaweza kungoja kidogo.

Akamtazama mwanawe kwa uso wake wote, na macho yake yakajaa, akiamini kwamba mtoto anaweza kuusoma uso wa mama yake.

Kisha akamzunguka, akaenda zake.

Nyuma yake watu walivuta pumzi. Kibosho nzima hakuna mtu anayepita isale. Hata aliyeuliwa ng'ombe wake hasemi hapana kwa isale.

"Bibi!" Evelyn alilia. "Bibi, ni baba! Bibi!"

Akamsikia Remigius akiinuka, akijipangusa magoti.

"Mwache, Eve," alisema. "Basi, mama. Umenijibu."

Ndani ya pikapu Ronald, ambaye alikuwa amelala usingizi na hakuona kitu, aliuliza kwa furaha, "Enhe, bibi! Mbinguni kukoje?"

"Usimsemeshe," Evelyn alisema, akilia kwa hasira. "Mimi ndiye niliyemwita baba. Mimi! Nilimwambia, njoo leo, bibi atakuwa na furaha, hawezi kukukatalia siku kama ya leo. Alitafuta isale Majengo yote. Watu wa mjini wanapanda maua, yeye anazunguka anauliza isale."

Priska alifumba macho. Kila mmoja wao alikuwa amemficha mwenzake jambo jema.

Pale daraja lilipobebwa na mvua, gari lilikomea, ikabidi waende kwa miguu na kuvuka kijito juu ya magogo. Evelyn hakumwangalia bibi yake. Lakini alimshika kiwiko, akatangulia kujaribu kila gogo kwa mguu wake, akamvusha hatua kwa hatua, huku machozi yanamtiririka. Priska alikumbuka jambo hilo baadaye, kwamba mtoto huyu alimvusha akiwa amemkasirikia.

Nyumbani alipita moja kwa moja hadi nyuma, chini ya migomba. Akachimba kwa mikono katika ile nafasi tupu, akaliotesha isale, akalimwagia maziwa.

"Umefika, Basili," alisema. "Hapa ndipo kwenu. Mama yako huyu hapa pembeni."

Akageuka haraka kuliko miguu yake ilivyoweza. "Evelyn! Mama yangu, kimbia! Kimbia mjini ukamwambie baba yako marahaba! Mwambie sikukataa, mwambie nilikuwa na baba yake!"

Evelyn alimtazama, akatazama isale, na mambo yote yakamwingia akilini kwa pamoja. Alivua viatu akakimbia.

Alirudi jua likizama, na Priska, aliyekuwa amekaa barabarani muda wote, alijua kwa jinsi alivyokuwa akitembea.

"Wameondoka, bibi. Lori limeondoka."

"Safari ya wapi?"

"Kongo."

Wiki chache baadaye redio ya Flavia ikasema vita vimeanza tena huko. Priska hakutaka kuisikia redio ile, ila kila jioni alikwenda kuisikiliza, na Flavia kila jioni alimwekea kigoda bila kumtania. Mipaka ikafungwa. Mwenye lori alisema hana habari. Kahawa za Krismasi, kama Flavia alivyoziita chai nyeusi walizokunywa pamoja, zikapita bila Remigius.

Aliyeleta habari alikuwa dereva mwenzake, mpangaji wa Majengo, aliyeponea msituni akarudi amedhoofika kiasi kwamba alikaa kila palipo na jiwe hadi akafika Kibosho. Alivua kofia. Priska alimwona akivua kofia, akashika nguzo ya mlango.

Alisema walisimamishwa na askari barabarani. Wengine walikimbia. Remigius aliamriwa awaendeshee lori, akaondoka nalo, askari wamejaa nyuma, na hakuna aliyemwona tena. Walimtafuta walivyoweza.

"Alikuwa na jani kavu kwenye kioo cha mbele," yule dereva alisema. "Mimi ni mtu wa Pwani, siyajui haya. Nikamuuliza, Remi, hii dawa? Akasema, 'Hilo ni la mama. Hakulipokea, ila kosa ni langu, nilimjia mbele za watu, siku yenye mambo yake. Nikirudi nitampelekea nyumbani, jioni, tukiwa wawili tu.'"

Priska alimpa ndizi za kuchoma na maziwa, akamwandalia pa kulala. Alikuwa mtu mwema, alikuwa ametembea mbali.

Sasa imepita miaka. Priska ni mzee sana, na watu wa Kibosho wanamjua kwa jambo moja: haachi salamu ipite. Watoto wa shule wakimsalimu kutoka ng'ambo ya korongo, atasimama, ataweka chini mzigo, ataitikia hadi ahakikishe wamesikia. Wengine hurudia makusudi ili wamchoshe, nao huitikiwa kila mara. Flavia humwambia, "Utakufa ukiitikia, Priska," na yeye husema, "Nife hivyo hivyo."

Jioni, akimaliza kukamua, huenda nyuma ya nyumba. Isale la Basili limeota vizuri, limekuwa refu kuliko yote. Kando yake ipo nafasi nyingine. Evelyn hupalilia pale bila kuambiwa, na huwa hapandi kitu.

Priska huketi chini kwa taabu, hugusa majani.

"Basili," husema, "mimi miguu imekwisha, na hiyo Dakota haikurudi tena. Wewe unaijua njia ya huko. Nilikuleta nyumbani, na sasa nakuomba utoke tena. Nenda kamtafute mtoto. Hakuwahi kukuona, kwa hiyo mwite kwa jina, mwambie wewe ndiye baba yake, hana mwingine. Usiongee na mtu njiani. Na akikuuliza habari zangu, mwambie mama ameitikia marahaba."